Kabla ya Kununua Lifti ya Gari, Pima Sakafu

Wanachuo wenzangu, jarida letu limezoea makala za boom, foleni za mabweni na siasa za serikali ya wanafunzi. Leo naomba niwapeleke gereji. Ni kibanda kilicho nyuma ya nyumba yetu, Kihonda, Morogoro, ambako kaka yangu anatengeneza magari. Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, mwaka wa tatu. Likizo iliyopita niligundua kwamba zile hesabu za momenti tunazokariri kwa ajili ya UE zina kazi mtaani, tena kazi kubwa: kumfanya mtu atoke salama chini ya gari.

Naandika kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tuna kaka, mjomba au baba mdogo mwenye gereji bubu. Mwembe mmoja, jeki moja, matofali mawili, na mtu amelala uvunguni. Ukimuuliza ndoto yake, atakwambia anataka lifti ili afanye kazi amesimama kama mafundi wa kampuni kubwa. Ndoto yenyewe ni nzuri. Shida ni kwamba karibu wote wanaanza kwa kutafuta mashine, wakati mashine ndiyo kitu cha mwisho.

Kaka naye alianza hivyo hivyo. Mwaka juzi alikuwa anashusha gia boksi ya Noah ya mteja. Jeki ilikuwa juu ya ubao, ubao juu ya udongo, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Upande mmoja ukazama, gari likalala, likamkuta begani. Akavunjika mtulinga. Kwa miezi mitatu hakushika spana, na hela yangu ya matumizi muhula ule ilitoka kwenye kuku wa Mama. Alipopona akaanza kuweka akiba. Likizo hii nilipofika nyumbani akanionyesha picha kwenye simu: lifti ya nguzo mbili, iliyotumika, muuzaji yuko Dar.

"Mdogo wangu, wiki ijayo naifuata. Kibanda kipo, sakafu ipo, ni kufunga tu."

Nikamuuliza, "Kaka, hiyo sakafu ina unene gani?"

Akacheka. "Mwalimu, wewe niulize gari linakula oili gani."

Lifti inavyofanya kazi

Tuanze na mashine yenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kuiona kwa karibu. Lifti ya nguzo mbili ina nguzo mbili za chuma zinazosimama kushoto na kulia kwa gari. Kila nguzo ina mikono miwili inayoingia chini ya gari. Mota ya umeme inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenye silinda za haidroliki, na silinda zinapandisha mikono. Nyaya za chuma zinazounganisha nguzo hizo mbili huhakikisha pande zote zinapanda sawasawa. Ndani ya nguzo kuna makufuli ya chuma yanayojifunga kila baada ya sentimita kadhaa, yale yanayolia "tak, tak, tak" gari linapopanda. Lifti nyingi za aina hii zinabeba kati ya tani 3.5 na 4.5, na gari dogo kama IST lina kama tani moja tu.

Ukiangalia hizo namba unaweza kusema mambo yameisha: lifti ina nguvu kuliko gari. Kaka alisema hivyo hivyo. Lakini uwezo ulioandikwa kwenye nguzo unahusu lifti iliyofungwa kwenye sakafu inayofaa. Nguzo hazijafungwa kwenye kitu kingine chochote. Zimeshikwa na bolti zinazoingia kwenye zege, basi.

Hesabu ya dumu na ubao

Sisi wa ualimu tumefundishwa kwamba andalio la somo lisilo na shughuli ya mwanafunzi ni hotuba. Kwa hiyo sikumhutubia Kaka. Nilichukua ubao, nikauegemeza juu ya tofali, nikaning'iniza dumu la maji la lita 10 umbali wa sentimita 80 kutoka kwenye tofali. Nikamwambia akandamize upande wa pili, sentimita 40 kutoka kwenye tofali, mpaka ubao ulale sawa.

Dumu lile ni kama kilo 10. Yeye alilazimika kukandamiza kwa nguvu ya kilo 20. Umbali ni nusu, kwa hiyo nguvu inakuwa mara mbili. Hiyo ndiyo momenti, wala haina uchawi.

Sasa hamishia hesabu hiyo kwenye nguzo. Tuseme gari lina kilo 1,500, yaani uzito wa nyutoni 15,000. Kila nguzo inabeba nusu, nyutoni 7,500. Lakini gari halikai juu ya nguzo, linakaa kwenye mikono, mbele ya nguzo. Tuseme mzigo uko sentimita 80 kutoka ukingo wa ndani wa bamba la chini la nguzo, na bolti za upande wa nje ziko sentimita 40 kutoka ukingo huohuo. Nguzo inataka kuinama kuelekea kwenye gari, na kinachoizuia ni zile bolti za nje. Nguvu inayozivuta kwenda juu ni 7,500 mara 80, gawanya kwa 40. Unapata nyutoni 15,000.

Yaani bolti za nje za nguzo moja tu zinavutwa kutoka ardhini kwa nguvu inayolingana na uzito wa gari zima. Vipimo hivi ni vya mfano, kila lifti ina vyake, ila picha ni hiyohiyo.

Kaka alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo zege ndilo linaloninyanyulia gari."

Nikamwambia ndiyo. Na zege lina tabia moja ambayo fundi yeyote wa ujenzi anaijua: ukiligandamiza ni jabari, ukilivuta ni dhaifu. Nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kuhimili kugandamizwa. Sakafu nyembamba ikivutwa na bolti haipindi kwanza ikakupa taarifa. Linang'oka donge la zege lenye umbo la pia, bolti ikiwa ndani yake.

Tulichokikuta chini

Tuliazima drili tukatoboa kibanda sehemu tatu. Unene ulikuwa sentimita 7, na sehemu moja 6. Chini yake kulikuwa na kifusi ambacho hakikushindiliwa, kijiti kilizama bila shida. Aliyemwaga jamvi lile hakufanya kosa lolote, kwa sababu aliambiwa ni stoo ya mahindi. Kwa mahindi linatosha.

Maelekezo ya watengenezaji wa lifti yanatofautiana. Wengi wanaotengeneza lifti za magari madogo wanataka zege zuri lenye unene wa sentimita 10 kwa uchache, wengine wanataka 15 au zaidi. Kanuni ni kufuata kitabu cha lifti unayoinunua, na kama imetumika na haina kitabu, utafute kwa jina la mtengenezaji na namba ya modeli kabla hujatoa hela. Sisi tuliamua kwenda na sentimita 15, kwa zege ambalo mafundi wa majengo huliita C25: simenti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, na nondo ndani.

Haya mengine ni ya kuzingatia pia:

Kifusi cha chini kishindiliwe vizuri, tabaka kwa tabaka. Zege nene juu ya udongo laini litapasuka tu.

Maji yasizidi kwenye mchanganyiko. Zege likiwa kama uji ni rahisi kulisambaza, na vibarua wanalipenda, lakini linapungua nguvu.

Bolti isikae karibu na ukingo wa zege, ufa au maungio. Sentimita 15 ni kipimo cha chini ambacho watengenezaji wengi hutaja, na ukiweza kwenda mbali zaidi, nenda.

Zege limwagiliwe maji kwa wiki moja angalau, kisha lisubiriwe. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28, na hizo siku 28 ndizo za kusubiri kabla ya kufunga nguzo. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana mashine iko uani na wateja wako getini.

Tukapiga hesabu ya gharama. Eneo tulilopanga ni mita 5 kwa 7, yaani mita za mraba 35. Kwa unene wa sentimita 15 unahitaji mita za ujazo 5.25 za zege. Mchanganyiko huo unakula kama mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jumla ni mifuko 42. Kama tungemwaga sentimita 8 tu, ingekuwa mifuko 22 au 23. Tofauti ni mifuko 20 hivi ya simenti, ukiweka pembeni mchanga na kokoto zake. Kaka alikuwa tayari kulipa mamilioni kwa ajili ya chuma, halafu mifuko 20 akaiona mizigo. Mifuko 10 kati ya hiyo imetoka kwenye boom langu, na sijutii. Muhula huu nakula wali maharage kwa amani.

Kimo na nafasi

Kosa la pili tuliligundua kwa futi kamba ndani ya dakika tano. Kibanda kilikuwa na kimo cha mita 2.7 hadi kwenye kenchi. Lifti ya kwenye picha ina boriti inayounganisha nguzo kwa juu, na aina hiyo huwa na kimo cha mita 3.6 au zaidi. Isingesimama kabisa! Zipo fupi zenye kimo cha kama mita 2.8, ambazo nyaya zake zinapita sakafuni chini ya bamba, lakini hata hizo lazima uzipigie hesabu ya gari lenyewe.

Hesabu ni rahisi. Chukua kimo cha gari, jumlisha kimo unachotaka mikono ipande. Ili mtu wa kawaida asimame chini bila kuinama unahitaji kama mita 1.8. IST ina kama mita 1.53, jumla mita 3.33. Noah ina kama mita 1.85, jumla mita 3.65. Hiace ya paa refu ina kama mita 2.28, jumla inavuka mita 4. Tukaamua kenchi zianze mita 4 kutoka sakafuni, na Hiace zitakuwa zinapandishwa mita 1.6 tu. Kaka atainama kidogo, hatakufa.

Kwa upana, lifti yenyewe inachukua kama mita 3.4. Ongeza njia ya mtu kila upande, ndiyo maana tukapanga mita 5. Kwa urefu, gari lina mita 4.6 hivi, na unahitaji nafasi mbele, nyuma na meza ya kazi, hivyo mita 7. Mlango uwe mpana na gari liingie limenyooka. Ukilazimika kukata kona ili uingie katikati ya nguzo, iko siku utaigonga nguzo.

Swali la Mama

Mama alikuwa anatusikiliza huku anachambua mboga. Aliuliza swali moja tu: "Umeme ukikatika na gari liko juu, inakuwaje?"

Jibu ni kwamba gari halitakiwi kubaki limeshikwa na oili hata umeme ukiwepo. Ukishapandisha hadi kimo unachotaka, unashusha kidogo mpaka mikono ikae juu ya yale makufuli ya chuma, pande zote mbili. Hapo mpira ukipasuka, pampu ikifa au TANESCO wakikata, gari linabaki pale pale. Na lifti nyingi zina njia ya kushusha kwa mkono bila umeme. Fundi anayeingia chini kabla ya kukalisha gari kwenye makufuli hana tofauti na yule wa jeki na ubao.

Kuhusu umeme wenyewe, kuna mambo mawili. La kwanza ni fezi. Lifti nyingi zilizotumika zinatoka kwenye gereji kubwa na mota zake ni za fezi tatu, wakati nyumba zetu nyingi zina fezi moja. Soma kibao cha mota kabla ya kulipa. La pili ni waya. Mota ya kawaida ni ya kilowati 2.2, na inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi. Inahitaji waya wake na breka yake kutoka kwenye boksi kuu, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Usichomeke kwenye ekstensheni ya redio.

Kaka aliogopa LUKU itaisha kila siku. Tukapiga hesabu: kilowati 2.2 kwa dakika moja ni kama uniti 0.04. Ukipandisha magari 10 kwa siku, hujafikisha hata nusu uniti. Pasi ya Mama inakula zaidi.

Shimo je?

Wapo watakaosema lifti ni anasa, bora kuchimba shimo. Shimo ni rahisi kwa gharama na wengi wanalitumia, lakini lina mambo yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa shimoni, na cheche moja inatosha. Moshi wa gari linalounguruma juu nao unajikusanya mle, na ndani yake mna kaboni monoksidi isiyo na harufu. Masika maji yanaingia. Watoto wanatumbukia. Na ukitaka kufungua matairi au shokapu, bado unahitaji jeki.

Kama hela ya sakafu na lifti haipo, ushauri wangu ni mdogo zaidi ya shimo: mwaga zege sawa na tambarare, nunua jeki nzuri na stendi nne za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndizo za kushikilia. Kaka ameanza na hizo, na magogo yote tumeyapeleka jikoni.

Siku lifti itakapofungwa

Tumeandika kanuni kwenye karatasi, zitabandikwa ukutani. Mikono iwekwe sehemu alizozitaja mtengenezaji wa gari, isiwekwe popote penye bati. Gari likifika sentimita 10 kutoka ardhini, simama, litikise, angalia kama limekaa sawa, ndipo uendelee. Na kabla ya kushusha injini au gia boksi, fikiria kitovu cha uzito. Magari yanayovutwa na matairi ya mbele yana uzito mwingi mbele. Ukitoa injini, kitovu kinarudi nyuma na gari linaweza kuchungulia mbingu. Wanafunzi wangu wa TP walinisumbua sana kwenye mada hii kwa mfano wa rula na kifutio. Safari ijayo nitawapa mfano wa IST isiyo na injini.

Mteja haingii chini ya lifti. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu na mlango, maana moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Oili chafu iingie kwenye pipa, isimwagwe uani. Na kwa kuwa ni biashara, mambo ya halmashauri yafuatwe: kibali cha ujenzi na leseni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inataka sehemu za kazi zisajiliwe OSHA. Kaka anasema wakija watamfungia. Mimi nimemwambia wakija wakute sakafu ya sentimita 15 na bolti zilizokazwa kwa kipimo, watakuwa na kazi ngumu ya kumfungia.

Lifti ya Dar imeshauzwa kwa mtu mwingine. Siku alipopewa habari hiyo Kaka hakunisemesha mpaka jioni, na mimi sikumlazimisha. Kesho yake asubuhi akanijia na futi kamba, akataka tupime mlango upya.

Zege tulilimwaga Jumamosi moja kabla sijarudi chuo, majirani sita na mashine moja ya kukodi. Juzi nilipopiga simu alipokea Mama. Kaka alikuwa nje anamwagilia jamvi, siku ya 5. Amechora mistari 28 ukutani kwa chaki na kila asubuhi anafuta mmoja.

Basi na wewe msomaji, likizo ikifika na ukamkuta mjomba wako yuko chini ya gari, usimwambie chochote kuhusu lifti kwanza. Azima drili, mtoboe sakafu mkaone.